Mize Aliyesogeza Miti ya Mwamba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelala? Nimesema paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Kaeni vizuri. Na wewe unayechokoa mkeka, uache, ndio huo huo utakaoulalia.

Kale, kale ya bibi wa bibi yangu, palikuwa na Zimwi baharini. Si zimwi la msituni lile mnalolijua, lenye nywele na kucha. Hili lilikuwa limelala chali chini ya maji, mbele ya mji wa Pwanikuu, kinywa wazi. Kichwa chake kilikuwa mwamba, na meno yake yalikuwa mawe. Maji yakipwa, meno unayaona. Maji yakijaa, huoni kitu, bahari nyeupe tu inacheka. Chombo kikipita hapo, basi tena! Mbao zinatemwa, watu wanamezwa.

Watu wa mji wakachinja mbuzi, wakafukiza ubani, wakaita waganga. Wapi! Zimwi likala waganga wawili na ubani wao.

Ndipo akatokea mtu mmoja, Mzee Vuai, fundi wa kujenga kwa boriti. Alingoja siku za bamvua, zile siku ambazo maji hupwa mno hata mwamba ukaanikwa juani. Zimwi likikaukiwa husinzia. Basi Mzee Vuai akaingia mwambani kwa miguu, na mtaimbo begani, akachimba matundu pembeni mwa meno. Katika kila tundu akasimamisha mti wa mkoko, akaushindilia mawe. Miti mitatu upande wa kulia, akaifunga vitambaa vyeupe. Miti mitatu upande wa kushoto, akaivika mapakacha makuukuu. Katikati ni kilindi, hakuna jino.

Tangu siku hiyo manahodha wakawa na maneno yao ya kuingilia mjini:

"Nyeupe kulia, pakacha kushoto, pita katikati!"

Vyombo vikapita salama. Zimwi likalala njaa. Na miti ile ilikuwa na siri yake: haikung'oka ila kwa mkono ulioipanda. Zimwi liliivuta, likaisukuma, likaipiga kwa mawimbi. Haikutikisika.

Watu wa mji wakashukuru sana. Lakini sikilizeni shukrani yao ilivyokuwa. Walisema, "Aliyegusa meno ya Zimwi ana harufu ya Zimwi. Asije mjini akatuletea balaa." Wakampeleka Mzee Vuai kwenye kisiwa kidogo nyuma ya mwamba, upande wa miti myeupe, kisiwa ambacho hata jina hakikupewa. Huko akakaa yeye na mkewe, na huko akazaliwa binti yao, Mize. Kila bamvua mashua ilikuja na unga, maji na tende. Waliokuja waliweka mizigo mchangani, wakapiga upatu, ile sahani ya shaba, mara tatu, kisha wakatimua mbio kabla mwenyewe hajafika.

Ndiyo, walikimbia. Msinitazame mimi, sikuwapo.

Basi, mama yake Mize akafa. Kisha Mzee Vuai naye akafa, na Mize akamzika peke yake, akachimba peke yake, akafukia peke yake. Mashua ilikuja bamvua iliyofuata. Upatu ukapigwa mara tatu. Mize akakimbia mbio zote, akitaka kuwaambia, "Baba amekufa!" Alipofika akakuta unga, maji, tende, na nyayo za watu mchangani. Mashua ilikwisha kuwa mbali. Alizitazama nyayo zile mpaka maji yakaja kuzifuta.

Kazi akaijua, baba yake alimfundisha. Mti wa baba ukioza na kuanguka wenyewe, alipanda mwingine, mpaka miti yote sita ikawa ya mkono wake. Naye akaipa majina, maana hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina. Miti ya mapakacha aliiita Wajomba. Miti myeupe, iliyokuwa karibu naye, mmoja aliuita Shangazi, mmoja Shoga, na wa tatu, ule mwembamba wa mwisho, aliuita Mdogo Wangu.

"Umeamkaje, Shangazi?" humwambia asubuhi.

Shangazi kimya.

"Shoga, leo nimepika mkate wa tende, usiseme sikukwambia."

Shoga kimya.

Mnacheka? Chekeni. Ila Mize hakuwa akicheza. Upweke ulimzidi. Mkondo wa pale ulisukuma vyombo upande wa miti myeupe, akaviona vizuri, akaona hata rangi za kanga za abiria. Lakini sauti hazikufika. Aliona midomo inafunguka, asisikie neno.

Siku moja kilipita chombo, na mtoto mmoja aliyekaa ukingoni akampungia mkono. Mize akapunga. Mtoto akasema kitu. Mize akaingia majini mpaka magotini, akatega sikio. Upepo ukalichukua lile neno. Chombo kikaenda zake. Mize akaketi chini, akalia kwa sauti, maana wa kumsikia hakuwapo.

Kumbe yupo.

"Mize, mwanangu," sauti nzito ikatoka chini ya maji. "Unalilia nini?"

Mize akaruka nyuma. "Nani wewe?"

"Ni mimi jirani yako. Mimi nisiye na jirani mwingine ila wewe."

Mize akajua ni Zimwi. Angekimbia, lakini ile ilikuwa sauti ya kwanza kumwita jina lake tangu baba yake afe. Akasimama.

"Nataka kusikia watu wakizungumza," akasema. "Basi tu. Nisalimiwe, nami niitikie."

"Hilo tu?" Zimwi likasema. "Hilo ni jambo dogo. Miti yako myeupe iko mbali na kisiwa. Isogeze kwako, vyombo vitapita karibu nawe." Kisha likaimba polepole:

"Sogeza, Mize, sogeza. Hatua tatu, tatu tu."

"Utawameza watu."

"Nitawamezaje kwa hatua tatu? Pima mwenyewe, hujafika kwenye meno."

Bamvua ikaja, mwamba ukakauka. Mize akapima. Kweli, hatua tatu kuelekea kisiwani hapakuwa na jino, palikuwa na mteremko wa mawe madogo tu. Akang'oa Shangazi, akang'oa Shoga, akang'oa Mdogo Wangu. Akaichimbia matundu mapya hatua tatu karibu naye, akashindilia mawe, jasho likimtoka.

Kesho yake kikapita chombo, na kweli kikaja karibu. Mize akasikia kicheko cha mwanamume. Akasikia mtu akikohoa. Akanusa mchuzi wa samaki uliokuwa ukichemka jikoni chomboni. Hakuna aliyemsemesha, lakini siku nzima Mize alitembea kisiwani akiigiza kile kikohozi.

Siku ya pili kikohozi hakikutosha. Siku ya tatu akarudi ukingoni mwa maji mwenyewe.

"Nimesikia," akaliambia Zimwi, "lakini hawakunisalimia."

"Hawakusalimii kwa sababu bado uko mbali, mwanangu. Sogeza, Mize, sogeza. Hatua tatu, tatu tu."

Bamvua nyingine ikaja. Safari hii Mize hakupima sana. Alipima haraka haraka, akaliona jino dogo moja, akasema, "Ah, hilo liko chini, vyombo vitapita juu yake." Akang'oa, akasogeza, akashindilia.

Kikaja chombo kimebeba vyungu, na juu ya vyungu amekaa mama mmoja mnene. Yule mama akamwona Mize, akapaza sauti:

"Hujambo, mwanangu?"

Jamani, wanangu! Mize alipigwa na butwaa. Alipoweza kusema "Sijambo!" chombo kilikuwa kimekwisha pita, na yule mama amegeuka upande mwingine. Mize akabaki akisema sijambo, sijambo, sijambo, mpaka sauti ikamkauka.

Lakini nyuma ya chombo kile pakaelea kipande cha ubao, kimechanika upya, bado cheupe kwa ndani. Chombo kilikwaruza. Mize akakiokota. Akakitazama. Alijua, msiseme hakujua. Akakitupa motoni, akapikia uji.

Akakaa siku chache akijitia shughuli, akifagia mchanga usio na taka. Mwishowe miguu yake ikampeleka ukingoni.

Zimwi halikungoja aseme. "Sogeza, Mize, sogeza. Hatua tatu, tatu tu. Safari hii watasimama. Watateremka kwako."

"Watateremka?"

"Watakaa nawe. Hawataondoka tena."

Na Zimwi halikusema uongo hapo, liliificha tu nusu nyingine ya maneno.

Bamvua ya tatu ikaja. Mize akaingia mwambani asubuhi, mtaimbo begani. Akahesabu hatua tatu. Alipotaka kuchimba, akakuta tundu liko tayari. Akaenda la pili, liko tayari. La tatu, liko tayari, duara safi, kana kwamba limechimbwa na fundi. Baba yake angeweka mtaimbo chini pale pale. Yule mzee alimwambia, mwambani hakuna tundu la bure, tundu usilolichimba wewe usilitie mti. Mize akalikumbuka neno lile. Kisha akamkumbuka yule mama wa vyungu. Akaitia miti, akaishindilia, akarudi kisiwani kuoga. Akavaa kanga yake nzuri, ya marehemu mama yake, akaketi kungoja wageni.

Maji yakaanza kujaa. Yalipofika nusu, ngoma ikasikika baharini.

Kilikuwa chombo cha harusi. Nahodha wake ni Faki, mtu wa Pwanikuu, na ndani amekaa bi harusi, jina lake Riziki, analetwa kwa mume. Wanawake wanapiga vigelegele, watoto wamejaa mpaka ukingoni, ngoma inalia. Nahodha Faki akaiona miti, akapaza sauti kama kawaida:

"Nyeupe kulia, pakacha kushoto, pita katikati!"

Mkondo ukawasukuma upande wa miti myeupe. Mize akasimama, akacheka, akapunga mikono yote miwili. Akasikia vigelegele. Akasikia hata njuga za miguuni mwa wachezaji.

Kisha akatazama maji.

Pale ndani ya mstari wa miti yake, maji yalikuwa yakizunguka. Yalitoa mvuke. Chini yake meno yalikuwa yakiinuka moja moja, meupe, na harufu ya mbao zilizooza ikafika mpaka kisiwani. Matundu aliyoyatia miti yalikuwa mapengo ya kinywa cha Zimwi. Miti yake myeupe ilisimama kooni kwenyewe.

"Ahsante, mwanangu," Zimwi likasema. "Wageni wako hao. Watakaa nasi."

Mize akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini ngoma, wanangu! Ngoma na vigelegele! Nani atasikia? Wakamwona mwanamke anaruka ruka kisiwani, wakadhani anacheza harusi yao. Wakampigia vigelegele na yeye.

Miti haikupandika tena, maji yalikwisha jaa mwambani. Kurudisha mstari wote ilikuwa kazi ya bamvua nyingine, na chombo kilikuwa hapo hapo. Mize akajitupa majini na kanga yake. Akafika kwa Mdogo Wangu, ule mti mwembamba wa mwisho, akaushika kwa mkono ulioupanda, na mti ukang'oka. Akauburuta akiogelea, akauburuta akimeza chumvi, mpaka pale mahali pa zamani, pale baba yake alipopanda mti wa mwanzo. Palikuwa na jiwe chini ya maji. Akapanda juu yake. Maji yakamfika kifuani. Akauinua mti na kitambaa chake cheupe juu ya kichwa, akasimama.

"Shuka hapo," Zimwi likamwambia taratibu. "Ukisimama hapo, watapita mbali. Hutasikia hata neno moja lao. Na mwaka huu hutapata mwingine wa kukusalimia, wala mwaka ujao."

Mize akaukaza mti mikononi. Alijua ni kweli. Akavuta pumzi, na yale maneno aliyowapigia watu kelele ndiyo ambayo kinywa chake hakikutaka kabisa kuyatoa:

"Kaeni mbali! Kaeni mbali nami!"

Nahodha Faki akashangaa. Miti miwili myeupe iko kule, na huyu mwanamke na mti wake yuko huku, katikati ya njia!

"Toka njiani, we mwehu!" akafoka.

"Kaeni mbali nami!"

"Harusi ya watu unaitia nuksi! Toka!"

"Kaeni mbali nami!"

Wanawake wakaacha vigelegele, wakamtukana. Mtu mmoja akamrushia ganda la nazi likampiga begani. Mize hakushuka. Nahodha Faki, kwa hasira na si kwa akili, akausukuma usukani kushoto ili asimkanyage. Chombo kikageuka kwa kishindo. Ubavu wake wa kulia ukapita pembeni mwa kinywa, hatua moja tu, na wale waliokuwa ukingoni wakatazama chini wakaona meno. Ngoma ikanyamaza ghafla. Wakaenda bila ngoma mpaka wakafika kilindini, na kutoka kilindini mpaka wakawa doa dogo kule mjini.

Mize akabaki juu ya jiwe.

"Wamekwenda," Zimwi likasema, na sasa sauti yake haikuwa taratibu. "Wamekutukana na wamekwenda. Basi nitakula wewe!"

Likapanua kinywa, likapanua mpaka mwamba ukalia. Mize hakukimbia, hakuwa na pa kukimbilia. Aliusimamisha ule mti wima, akautumbukiza katikati ya kinywa kile, chini ukakita ulimi, juu ukakita kaakaa. Zimwi likataka kufunga. Halikufunga. Likasukuma. Likatafuna. Likalia. Mti uliopandwa na mkono wa Mize hung'olewa na mkono wa Mize tu.

"Utoe, mwanangu," Zimwi likaomba. "Tutazungumza kila siku, mimi nawe."

Sauti pekee iliyokuwa ikimwita kwa jina. Mize alilia alipoipa mgongo, siwafichi. Alilia mpaka akafika kisiwani, na huko akaendelea.

Bamvua iliyofuata akarudisha miti mahali pake, Shangazi pake, Shoga pake, na wa tatu akaukata mpya, lakini huo hakuupa jina. Alikuwa akimalizia kushindilia mawe alipoona mashua. Akangoja upatu. Upatu haukupigwa. Watu wakateremka, Nahodha Faki mbele, na nyuma yake wanaume saba, na Riziki, yule bi harusi, bado ana hina mikononi. Hawakukimbia. Walisimama mchangani wakimngoja aje.

Mize akaja, mtaimbo mkononi. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, maana hakujua mtu husimama umbali gani na mtu.

"Tumekuja kukushukuru," Nahodha Faki akasema. "Umetuokoa. Tulikutukana, utusamehe."

Mize angeweza kunyamaza. Nani angejua? Wangemshukuru, wangempa zawadi, pengine wangempeleka mjini kwa ngoma. Lakini alisema:

"Msinishukuru. Miti niliisogeza mimi."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akarudi nyuma, mkono kwenye kisu.

"Wewe?" Nahodha Faki akauliza. "Wewe, binti wa Vuai? Mlikuwa na watoto arobaini mle chomboni! Ulitaka nini?"

"Nilitaka mnisalimie."

Aliyeshika kisu akakiachia. Wote walikuwa watu wazima, na wote, kila mmoja kwa zamu yake, waliwahi kuupiga ule upatu na kukimbia.

Maji yakaanza kurudi. Nahodha akasema, "Twendeni, mashua itaelea." Wanaume wakaenda mmoja mmoja, vichwa chini. Riziki hakwenda. Alikunja kanga yake vizuri, akaketi mchangani pale pale, karibu na miguu ya Mize, na akamwuliza, polepole, kama watu wanaoanza siku:

"Umeamkaje, dada?"

Nami hadithi yangu naiegesha hapo. Mkitaka kujua Riziki alikaa mpaka lini, kawaulizeni wa Pwanikuu, mimi niliyopewa iliishia pale. Ila neno lake ni hili, na mlishike: mtu anayekaa peke yake ili nyinyi mpite salama, mwendeeni. Msimwekee unga mkakimbia. Mwendeeni, mkae, mumjulie hali.